Oili Imepita Wapi?

Prado ya zamani yenye injini ya 1KZ-TE inatoka Mpanda mjini asubuhi, oili iko juu kwenye kijiti. Jioni inarudi kutoka Kakese na magunia ya mpunga, taa nyekundu ya oili inawaka. Zima hapohapo. Taa ile hupima presha, si kiasi. Ikiwaka, mara nyingi oili imeshapungua vibaya.

Fundi wa kwanza atakwambia tabo imekufa. Huenda. Ila kabla ya kununua tabo ya mtumba, jua kwanza oili imepita wapi: imemwagika, imeungua, au imeingia kwenye maji ya rejeta.

Iliyomwagika haijifichi. Ingia uvunguni, tazama sampu, filta na bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo. Lile lina presha, likipasuka oili inaisha njiani. Rejeta yenye utando wa mafuta inaelekeza kwenye kipoza oili au gasketi ya silinda hedi.

Iliyoungua hutoa moshi wa bluu, na huo ndio wenye mambo. Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando wa oili. Oili hiyo hurudi kwenye sampu kwa uzito wake tu, kupitia bomba nene. Bomba likiziba kwa masizi, au ringi zikichoka na presha kupanda ndani ya sampu, oili inakwama na kupenya kwenye sili. Vumbi la kiangazi nalo likiziba filta ya hewa, tabo inavuta oili yake yenyewe. Hapo hata ukifunga mpya itavuja vilevile, na hela imeshakwenda.

Injini ikipoa, fungua paipu ya hewa ushike shafti kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza nyumba yake, basi fundi alisema kweli.

Kinachotisha ni oili kufurika kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli huichoma kama mafuta, ikanguruma hata ufunguo ukiwa mfukoni. Gari la klachi, kanyaga breki, weka gia ya juu kabisa, achia klachi mpaka izimike. La otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa ubao, mkono usithubutu.

Ukibadilisha tabo, badilisha pia oili na filta, safisha mabomba yote mawili, na fundi amimine oili ndani ya tabo kabla ya kupiga stata.