Yoga na Tumbo Lililojaa

Mtu akianza mazoezi ya yoga kisha akalalamika kiungulia au kichefuchefu, mara nyingi kosa si la zoezi bali la sahani.

Wahindi, ambao yoga ni asili yao, waliliona hili zamani. Kitabu chao cha karne ya 15, Hatha Yoga Pradipika, chamwagiza mwanafunzi aache robo ya tumbo bila kujazwa. Sababu yake twaielewa. Juu ya tumbo upo msuli unaozuia chakula kisirudi kooni. Ukiinama, au ukiinua miguu juu ya kichwa hali umeshiba, tindikali hupanda na kuchoma njia ya chakula. Basi baada ya ugali na maharage, au mlo wenye mafuta, tungoje muda wa saa 3 hadi 4. Baada ya ndizi mbivu moja, saa moja yatosha. Maji tuyanywe kidogo kidogo tangu mapema, si kubugia lita nzima dakika ya mwisho. Na pombe? Anayesimama kwa mguu mmoja akiwa amelewa ataanguka tu.

Hata hivyo, tumbo tupu si salama kwa kila mtu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini asifanye mazoezi bila kula: sukari yaweza kushuka, akatetemeka, akatokwa jasho, hata kuzimia. Apime kwanza, aweke glukosi karibu, na saa za mlo na dawa azipange na daktari wake.