Kidogo Kinavyotia Joto



Mwenzetu mmoja aliyerejea kutoka kwa wakweze, Turwa ya Tarime, ametuuliza: kwa nini kule mlimani usiku usio na wingu huwa na baridi kali, na usiku wa mawingu huwa na vuguvugu?

Ardhi iliyopigwa jua mchana hutoa joto lake kwenda juu. Mawingu na mvuke hulishika joto hilo, na sehemu yake hulirudisha chini. Hewa ya ukaa, ile itokayo kwenye moto, hufanya vivyo hivyo, ila yenyewe haipeperuki kama wingu.

Wako wasemao: hewa hiyo ni sehemu 420 na kitu tu katika milioni, itaweza nini? Tutazame buluu ya kufulia. Chembe chache hugeuza beseni zima, maana maji yenyewe hayana rangi. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, huliachia joto lipite. Bwana John Tyndall alilipima jambo hili London mwaka 1859.

Na chembe zinazidi. Kipimo kilipoanza Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa 315. Ziada imetoka hasa katika makaa ya mawe, mafuta na misitu iliyokatwa.

Sisi wenye majamvi uwanjani yatuhusu. Kila digrii moja ikizidi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha 7 katika 100, na mvua kubwa huzidi ukubwa. Karafuu mbichi ikishalowa jamvini, mnajua wenyewe bei yake.