Kibali cha Kazi Kinapokaribia Kwisha na Ukaazi Haujapatikana

Miongoni mwa mambo yanayowatia wasiwasi wageni wanaofanya kazi Kanada, wakiwamo wana wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi waliotia maskani Toronto, Ottawa, Calgary na Edmonton, ni machache yanayoishinda siku ya mwisho iliyoandikwa katika kibali cha kazi, hasa siku hiyo inapokaribia ilhali ombi la ukaazi wa kudumu limekwisha pelekwa na jawabu halijarudi. Wengi hudhani kwamba serikali iliyokubali kupokea ombi la mtu anayetaka kukaa daima haiwezi kumzuia kufanya kazi wakati ombi hilo linatazamwa. Sheria haisemi hivyo. Ombi la ukaazi wa kudumu ni jambo mbali, na ruhusa ya kukaa na kufanya kazi kwa muda ni jambo mbali. La kwanza halirefushi la pili hata kwa siku moja, na asiyelifahamu hili huweza kulala ana haki ya kazi akaamka hana.

Wako pia wanaoogopa kinyume chake: kwamba wakionyesha nia ya kubaki daima, watanyimwa nyongeza ya kibali cha muda kwa hoja ya kuwa hawana nia ya kuondoka. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Juni 2002, imeliondoa shaka hili katika kifungu chake cha 22, kinachokubali kwamba mtu aweza kutamani ukaazi wa kudumu na papo hapo akawa mgeni halali wa muda, maadamu ofisa ameridhika kuwa ataondoka muhula wake ukiisha. Kwa hiyo kupeleka maombi mawili kwa pamoja si hila. Aghalabu ndiyo njia ya salama.

Watu wengi wa kazi za ujuzi huomba ukaazi kwa mfumo wa Express Entry, ulioanzishwa Januari 2015. Humo mtu hujiandikisha kwanza, akapewa alama kwa umri wake, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, mizani yote ikiwa ni alama 1,200. Kisha hungoja hadi alama zake zifikie kiwango cha kualikwa, na akialikwa hupewa siku 60 za kutimiza na kupeleka ombi lenyewe. Ni lazima hapa kutenga mambo mawili yanayochanganywa kila mara. Kujiandikisha si kuomba ukaazi. Ni kujiweka katika safu ya wanaotazamiwa, na hakumpi mtu haki yoyote nchini. Hata aliyekwisha alikwa hajaomba mpaka alipe ada na kupeleka hati zake zote. Idara ya uhamiaji imejiwekea lengo la kuyaamua maombi mengi ya mfumo huu katika muda wa miezi sita, lakini lengo si ahadi, na kibali chenye uhai wa miezi minne hakiwezi kusubiri miezi sita.

Kinachomwokoa mfanyakazi ni kanuni nyingine, nyepesi kuielewa lakini isiyosamehe uzembe. Mwenye kibali akiomba nyongeza kabla ya siku ya mwisho, naye akabaki ndani ya Kanada, huhesabiwa kuwa halali na huruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti yale yale ya kibali cha zamani, hata kiwe kimekwisha, mpaka ombi lake liamuliwe. Aliyefungwa kwa mwajiri mmoja hubaki na mwajiri huyo huyo. Anayetoka nchini katika kipindi hiki hupoteza ruhusa hiyo ya kuendelea, na akirudi hana budi kungoja kibali kipya kabla ya kushika kazi. Fauka ya hayo, viza ya kuingilia ni hati ya peke yake, nayo hairefushwi kwa kurefushwa kibali.

Kwa waombaji wa ukaazi kiko kibali maalumu cha kuwavusha katika kipindi cha kungojea, kilichoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2012, ambacho humwezesha mtu kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Ila walioteuliwa na jimbo wakati mwingine huwekewa mipaka ya jimbo hilo. Sharti lake kubwa ni kwamba ombi la ukaazi liwe limekwisha kaguliwa na kuonekana kamili. Hati moja ikikosekana, ombi hurudishwa kana kwamba halikupelekwa kamwe, na kibali kilichotegemea ombi hilo hukosa msingi. Taabu ya kibali kuisha kabla ya ukaazi kupatikana huwapata zaidi vijana waliohitimu vyuo vya Kanada, kwa kuwa kibali chao cha baada ya masomo, kisichozidi miaka mitatu, hutolewa mara moja tu katika maisha. Kijana aliyengoja mwaka wake wa mwisho ndipo ajiandikishe huweza kukuta alama zake hazitoshi na muda umekwisha. Hapo hubakiwa na milango michache: mwajiri amwombee idhini ya kuajiri mgeni, apate kibali kwa njia ya mwenzi wake, arudi masomoni, au akae kama mgeni asiyefanya kazi. Lakini uzoefu wake wa kazi ya halali haupotei siku hiyo, kwani anayeomba kwa uzoefu wa Kanada hutakiwa awe na mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka mitatu iliyotangulia ombi lake.

Na kwa kuwa ombi hurudishwa kwa upungufu mdogo, hati ndizo za kuanza nazo. Kibali hakitolewi kupita uhai wa pasipoti, hivyo pasipoti ihuishwe mapema. Matokeo ya mtihani wa lugha hudumu miaka miwili tu. Cheti cha polisi hutakiwa kutoka kila nchi isiyokuwa Kanada aliyokaa mtu miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita tangu alipotimiza miaka 18, na cheti cha mwenendo mwema kutoka nyumbani huweza kuchukua muda kupatikana. Hali kadhalika, namba ya bima ya jamii ya mgeni, ianzayo na tarakimu 9, ina tarehe yake ya mwisho, na tarehe hiyo hubadilishwa kila kibali kinapobadilika.

Aliyepitwa na siku bila kuomba bado ana siku 90 za kuomba arudishiwe hadhi yake, lakini ni sharti aache kazi mara moja, kwani kazi isiyo na ruhusa haihesabiwi kuwa uzoefu na huweza kuwa hoja dhidi yake. Atakaye msaada na amwendee wakili au mshauri mwenye leseni, akiitazama mwenyewe leseni ya mshauri katika daftari la umma la Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia, kwa maana anayelipisha ushauri bila leseni huvunja sheria, na hasara ya makosa yake humwangukia mwombaji. Basi mwenye kibali na aisome leo tarehe yake ya mwisho, aanze kukusanya hati mwaka mzima kabla, na asiache tarehe hiyo ipite bila ombi la nyongeza kuwa limefika idarani.