Je, Wajua? Kamera ya Kuikabili Kibo

Je, wajua kuwa sensa ya kamera ya fremu kamili ina milimita 36 kwa 24, sawasawa na picha moja ya filamu katika kamera ya Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925? Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya sensa ya APS-C. Faida yake utaiona alfajiri mjini Moshi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi kabla mawingu hayajaifunika na mwanga bado haba.

Anayetaka kuhamia fremu kamili asianze na bodi ya kamera, aanze na lenzi alizonazo. Mdomo wa lenzi wa F wa Nikon, uliotoka mwaka 1959, uko milimita 46.5 mbele ya sensa. Ule wa Z, wa kamera zisizo na kioo, uko milimita 16 tu. Canon imeshuka kutoka 44 hadi 20. Sony hutumia 18. Pengo hilo ndilo linalojazwa na adapta, hivyo lenzi ya zamani hufanya kazi kwenye bodi mpya. Lenzi mpya haikai kwenye bodi ya zamani.

Lenzi za APS-C ni shauri jingine: ukizitumia kwa fremu nzima, pembe za picha mara nyingi huwa nyeusi.

Na kama safari ni ya kileleni, mita 5,895, pima uzito wa mfumo wote. Kambini Barafu, betri lala nazo ndani ya begi la kulalia; baridi huzimaliza upesi.