Kampeni ya VVU Imefanikiwa? Tujifunze Kuuliza Vizuri

Tarehe 14 Julai 2007, katika viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima VVU mbele ya umma na kuzindua kampeni ya kitaifa ya kupima kwa hiari. Lilikuwa tendo la ujasiri, na Watanzania wengi walijitokeza kupima katika miezi iliyofuata. Je, kampeni ile ilifanikiwa? Wengi wetu tungejibu haraka: ndiyo, kwa kuwa waliopima walikuwa wengi. Lakini somo la mantiki linatufundisha kutolipokea hitimisho kabla ya kuzikagua hoja zake.

Njia na lengo

Kampeni ya afya ina ngazi zake. Ya kwanza ni kazi iliyofanyika: mabango, matangazo ya redio, mahema ya kupimia. Ya pili ni uelewa: watu wamejua VVU huambukizwaje na huzuiwaje. Ya tatu ni tendo: mtu amekwenda kupima. Ya nne ni kinachofuata: aliyekutwa na VVU ameanza dawa za ARV na kudumu nazo hadi virusi vifubae. Ya tano ndiyo lengo lenyewe: maambukizi mapya na vifo vipungue.

Aristotle anatufundisha kutochanganya njia na lengo. Ripoti nyingi huishia ngazi ya kwanza na ya tatu, kwa sababu ndizo rahisi kuhesabu. Tukisikia kwamba vipimo elfu moja vimefanyika, hatujaambiwa kwamba watu elfu moja wamepima, maana yuleyule anaweza kuwa amepima mara tatu kwa mwaka. Anayeogopa majibu, ambaye ndiye hasa aliyetafutwa, huenda hakufika kabisa.

Kipimo hiki kitumike kwa wote. Idadi ya kondomu zilizogawiwa haituambii zimetumikaje. Vivyo hivyo, idadi ya semina za usafi wa moyo tulizowaandalia vijana haituambii ni wangapi wameyaishi waliyoyasikia. Swali kama njia inafaa kimaadili na swali kama inaleta matokeo ni maswali mawili. Kulijibu moja si kulijibu la pili.

Kosa la "baada ya hili"

Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulionyesha kwamba takriban asilimia 61 tu ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini walijua hali zao. Wanaume walikuwa nyuma zaidi ya wanawake, ambao wengi hupimwa wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Mwaka 2018 Serikali ilizindua kampeni ya Furaha Yangu, yenye wito "Pima, Jitambue, Ishi", ikiwalenga hasa wanaume. Utafiti wa 2022–2023 ukaonyesha kwamba wanaojua hali zao wamefikia takriban asilimia 83.

Tuseme basi kwamba Furaha Yangu ndiyo iliyoleta ongezeko hilo? Hapo tungeanguka katika kosa la kale la mantiki: jambo limetokea baada ya jingine, basi limesababishwa nalo. Katika miaka hiyohiyo mambo mengine pia yalibadilika. Utaratibu wa kuwaanzishia dawa wote waliokutwa na VVU, bila kusubiri kinga ishuke, ulikuwa umeanza mwaka 2016. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe na ikashusha umri wa kuridhia kupima kutoka miaka 18 hadi 15. Kampeni huenda ilichangia sana, lakini ili kujua ilichangia kiasi gani, ni lazima kulinganisha: ilikofika na ambako haikufika, kabla na baada, waliosikia ujumbe na wasiousikia.

Kumi na saba

Tuzigeuze asilimia hizo kuwa watu. Kwa takwimu za 2022–2023, kati ya kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU, 83 wanajua. Kati ya hao, karibu wote wanatumia dawa, kama watu 81. Waliofubaza virusi ni kama 76, na aliyevifubaza akadumu hivyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Haya ni mafanikio makubwa, na tunamshukuru Mungu kwa kazi ya wahudumu wa afya.

Hata hivyo, 17 hawajui. Mchungaji wa Injili aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Sisi tuna kumi na saba katika kila mia. Hao hawatavutwa na bango lilelile walilokwisha kulipita mara nyingi. Baadhi yao wanaogopa jina baya kuliko ugonjwa. Katika miaka ya mwanzo, matangazo ya mafuvu na miili iliyokonda yaliwafundisha watu kuogopa, na hofu ile ikazaa pia unyanyapaa unaomzuia mtu kuingia kwenye hema la kupimia lililo mbele ya macho ya majirani.

Hapo ndipo sisi tunaojiandaa kwa upadre tunapoguswa. Padre akihubiri kana kwamba VVU ni adhabu ya Mungu, anaibomoa kampeni yote kwa dakika moja. Jumuiya ndogondogo ikimsengenya jirani aliyeonekana akitoka kliniki, imewafungia mlango wengine kumi. Kwa hiyo, tutakapoombwa kutangaza upimaji baada ya Misa, tusiulize tu waliopima walikuwa wangapi. Tuulize: nani hakuja, na kwa nini? Aliyepata majibu mazito alisindikizwa na nani? Mwaka mmoja baadaye, bado anatumia dawa, na bado anakaa nasi benchi moja kanisani?