Rangi Nyingi Katika Uzi Mmoja

Katika gereji moja ya Tandika, mvua ilipokatika, nilisimama kando ya kidimbwi kilichomwagikiwa dizeli, nikautazama utando ule mwembamba ukimeta zambarau, kijani na dhahabu, ilhali dizeli yenyewe haina hata moja ya rangi hizo. Nuru irudishwayo na uso wa juu wa utando hukutana na ile irudishwayo na uso wa chini, na kwa kadiri ya unene wa utando, rangi moja hupata nguvu na nyingine hufifia.

Kanuni hiyo ya matopeni Tandika ina jamaa yake ndani ya mawasiliano yetu. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010, na kabla ya mikongo hiyo tulitegemea satelaiti, ghali na za kuchosha. Ndani ya mkongo mna nyuzi chache za kioo, nyembamba mithili ya unywele, na lau kila uzi ungepitisha mwali mmoja tu wa leza, SEACOM usingeifikia terabiti 1.28 kwa sekunde, uwezo uliotangazwa tangu mwanzo. Miali mingi, kila mmoja na urefu wake wa wimbi, yaani rangi yake, jirani na nanomita 1,550, nuru isiyoonekana kwa jicho, husafiri pamoja pasipo kuvurugana, kisha ng'ambo ya pili hutenganishwa.

Kazi ya kuikusanya na kuitenganisha, iliyokuwa ikijaza makabati, sasa inahamia katika chipu ndogo kuliko ukucha. Humo mmechongwa vijia vya nuru, na kando yake pete ndogo mno: mwali ambao wimbi lake huenea katika mzunguko wa pete mara kamili, bila masalio, ndio unaozama humo, na mingine yote hupita na hamsini zake. Pete ikipashwa joto kidogo, huchagua rangi nyingine, ajabu iliyoje!

Mwaka 2022 wataalamu wa Denmark na Sweden, kwa chipu moja iliyoupasua mwali mmoja kuwa mamia ya rangi, walipitisha petabiti 1.84 kwa sekunde, zaidi ya mara elfu ya SEACOM ule wa mwanzo, ingawa katika uzi wenye viini 37 na kilomita 7.9 tu, masafa yasiyofika hata Zanzibar.

Lakini tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu baharini, rangi zote zilizimika kwa mpigo, nchi ikakwama. Kwa hiyo moyo wangu uko zaidi kwa mkongo wa 2Africa, njia nyingine tena, uliofikishwa Dar es Salaam mwaka 2023: una hadi jozi 16 za nyuzi, na kila uzi una msafara wake wa rangi.