Athari za Uchimbaji wa Madini ya Salfaidi kwa Vijito na Maji ya Chini ya Ardhi katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uchimbaji na ubora wa maji nchini Tanzania aghalabu huhusishwa na makaa ya mawe, ambayo hupatikana katika miamba ya Karoo ya kusini, kama vile Kiwira na Ngaka. Wilaya za Ngara na Biharamulo hazimo katika ukanda huo. Hata hivyo, kinachotia maji asidi katika machimbo ya makaa ni salfaidi za chuma, na salfaidi hizo ndizo sehemu kubwa ya mashapo ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Makala haya yanafafanua jinsi madini hayo yanavyoweza kuathiri maji na kwa nini upimaji unapaswa kutangulia uchimbaji mkubwa.

2.0 Hali ya Uchimbaji

Mashapo ya Kabanga yalichunguzwa tangu miaka ya 1970. Mnamo Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba uliowezesha kuundwa kwa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo ina hisa za asilimia 16. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Oktoba mwaka huohuo. Kwa upande wa Biharamulo, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 ulikabidhiwa kwa STAMIGOLD, kampuni tanzu ya STAMICO. Wilaya hiyo ina pia wachimbaji wadogo wa dhahabu. Katika uchimbaji wa aina hiyo, zebaki inayotumika kunasia dhahabu huweza kuingia katika tope na vijito.

3.0 Namna Asidi Inavyotokea

Salfaidi iliyofukiwa chini ya ardhi hubaki tulivu kwa sababu haifikiwi na oksijeni ya kutosha. Mwamba unapopasuliwa na kuletwa juu, madini kama pirotaiti na piraiti hukutana na hewa na maji, na matokeo yake ni asidi ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Bakteria huharakisha mchakato huo. Asidi hiyo nayo huyeyusha nikeli, kobalti na shaba. Ikiwa mwamba una chokaa ya kutosha, asidi hupunguzwa makali; miamba ya shisti na kwazaiti, ambayo imeenea Ngara, kwa kawaida ina chokaa kidogo.

Jambo linalopuuzwa mara nyingi ni kwamba metali hizi hazitoki majini kwa pamoja. Asidi inapopungua, chuma hutangulia kuganda na kuacha utando wa rangi ya kutu juu ya mawe. Nikeli huendelea kuyeyuka hadi pH inapokaribia 9. Kwa hiyo maji yanaweza kuonekana maangavu ilhali yamezidi kiwango cha miligramu 0.07 za nikeli kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi metali.

4.0 Njia za Kusambaa

Maji machafu huweza kutoka katika marundo ya mwamba taka, mabwawa ya topesumu na mashimo ya mgodi. Wakati wa kiangazi, chumvi za salfeti hujikusanya juu ya marundo. Mvua za kwanza huziosha kwa ghafla na kuziingiza katika vijito. Vijito vya Ngara huchangia mito Ruvubu na Kagera, ambayo hukutana karibu na Rusumo kabla ya Kagera kuelekea Ziwa Viktoria. Aidha, kusukuma maji nje ya mgodi wa chini ya ardhi hushusha kina cha maji, hivyo chemchemi na visima vifupi vinaweza kukauka hata pasipo uchafuzi wowote.

5.0 Sheria na Upimaji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru chanzo cha maji ndani ya mita 60. Kinga hiyo husaidia dhidi ya mtiririko wa juu ya ardhi, lakini haizuii maji yanayopenya katika nyufa za miamba. Ndiyo maana vibali vinavyotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 vinahitaji kuambatana na visima vya uchunguzi kati ya mgodi na vijiji.

Vipimo vya pH pekee havitoshi, kwa kuwa pH hushuka baada ya uwezo wa mwamba wa kupunguza asidi kwisha. Salfeti na upitishaji umeme wa maji huanza kupanda mapema zaidi, na hivyo hutoa tahadhari wakati hatua bado zinaweza kuchukuliwa.

6.0 Hitimisho

Mwamba wenye asili ya salfaidi unaweza kuyapa maji nikeli na chuma hata kabla ya mgodi kuwapo. Bila takwimu za msingi za masika na kiangazi, mwanakijiji ambaye kisima chake kimebadilika hataweza kuthibitisha madai yake, wala mwekezaji hataweza kuyakanusha. Takwimu hizo hukusanywa kabla ya salfaidi kufukuliwa. Baada ya hapo haziwezi kupatikana tena. Kwa hiyo inafaa zihifadhiwe pia katika ofisi za vijiji, kwa lugha inayoeleweka na watumiaji wa maji hayo.